Taa Iliyotoka Jasho Mara Nne

Sura ya Sita

Siku ya sita mahabusu, Varkey alikataa kutia sahihi kwa mara ya tano.

Karatasi ilikuwa mbele yake juu ya meza ya chuma, kalamu juu ya karatasi. Alivisukuma vyote viwili kwa kidole kimoja, taratibu, hadi vikafika upande wa Wadha, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuiagiza.

"Umeisoma?" Wadha aliuliza.

"Nimesomewa."

"Inasema nini?"

"Inasema mimi Varkey, fundi umeme wa magari katika Wakala wa Rukn al-Barq, Shuwaikh, Kuwait, nimeiba kutoka stoo taa za mbele kumi na moja, nikaziuza, na wateja nikawafungia mbovu." Alikohoa kidogo. "Imeandikwa vizuri. Haina kosa la herufi. Ila maneno si yangu."

Wadha alikuwa amelipokea jalada hilo jana asubuhi tu, mpelelezi mwenzake alipokwenda likizo. Mwenzake alimwambia kazi imekwisha, imebaki sahihi. Kesho saa sita mchana jalada lilitakiwa liwe kwa mwendesha mashtaka. Miaka kumi na tano katika kazi ilikuwa imemfundisha kwamba jalada linalosemwa limekwisha ndilo la kusomwa kuanzia ukurasa wa kwanza.

"Chini ya kitanda chako, kule Jleeb unakokaa, zimekutwa taa mbili."

"Mbili. Kweli."

"Na oveni ndogo, inayoweza kukausha taa."

"Oveni ni ya mke wa mwenzangu tunayekaa naye. Anaoka keki za kuuza kanisani. Muulizeni, atawapa na kipande."

"Na gundi nyeusi ya taa."

"Mama, fundi asiye na gundi ni karani."

Sajini Ayed, aliyesimama mlangoni, aliuma mdomo asicheke. Wadha hakumtazama.

"Hizo taa mbili ulizitoa wapi?"

Varkey aliinua uso. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, vidole vyake vina makovu meupe ya kuungua. Miaka ishirini na miwili Kuwait ilikuwa imempa Kiarabu cha gereji, chenye haraka na kisicho na mapambo.

"Hilo ni swali jipya," alisema. "Siku tano naulizwa zile nyingine tisa nimemuuzia nani. Hakuna aliyeuliza hizi mbili zimetoka wapi."

"Mimi nauliza."

"Zimetoka kwenye gari la yule bwana wa Wafra. Fuhaid."

Wadha alilijua jina hilo. Mwezi wa saba, kwenye barabara ya mashamba, gari la kifahari liliingia kwenye ngamia watatu. Fuhaid alivunjika miguu yote miwili. Mkewe, aliyekuwa kiti cha pembeni, hakufika hospitali. Fuhaid aliapa kwamba taa zake zilizimika zote mbili kwa mpigo. Wakala ulitoa cheti kwamba taa zilikuwa mpya, zimebadilishwa wiki tatu kabla, hazina hitilafu. Sasa alikuwa anangoja kesi ya kumuua mkewe kwa uendeshaji wa hatari.

"Gari lilipovutwa gereji," Varkey aliendelea, "taa zilitupwa kwenye chuma chakavu. Nikazichukua. Hazina hata thamani ya teksi niliyopanda nazo."

"Kwa nini uzichukue?"

"Kwa sababu nilizijua. Hazikuwa mpya. Nilizikausha kwa mikono yangu hii."

Wadha alivuta kiti karibu na meza. "Eleza kama unayemweleza mtu ambaye hajawahi kufungua boneti."

Varkey aliweka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, na kuacha uwazi katikati.

"Taa ya mbele ni boksi. Nyuma plastiki nyeusi, mbele plastiki angavu, katikati mshono wa gundi. Ina matundu madogo ya kupumulia. Ukungu kidogo asubuhi si ugonjwa. Ukiendesha nusu saa unaondoka. Lakini mshono ukiachia, hapo mambo mengine. Taa ikipata moto inatoa hewa nje. Ikipoa inavuta. Na hewa ya Septemba hapa unaijua, unaweza kuikamua kama nguo. Matone yanakaa ndani, yanateremka kwenye umeme. Mteja analalamika. Anayo dhamana, kiwanda kinamtumia taa mpya bure. Mpya inafika, inauzwa kando. Lakini anayofungiwa ni ya mteja mwingine aliyelalamika mwezi uliopita, imekaushwa, imepakwa gundi ya bei rahisi, imeng'arishwa. Siku tisa, siku kumi, inalia tena."

"Nani alikuagiza uzikaushe?"

"Bwana Nawwaf, meneja wa huduma. Mwanzo alisema ni za mafunzo. Mtu mwenye mabinti watatu shuleni hukubali maneno mepesi. Mpaka lile gari la Wafra. Baada ya hapo aliniletea taa nne kwenye sinia, nikamwambia, peleka kwa mwingine, mikono yangu imekataa. Wiki mbili baadaye wakahesabu stoo, nikawa mwizi."

"Neno lako dhidi ya neno lake," Wadha alisema. "Umewezaje kuzijua? Taa zinafanana kama mayai."

"Fungua vifuniko vya nyuma vya zile mbili ulizonazo. Ndani ya kifuniko, upande usioonekana. Kila taa niliyoikausha niliandika kwa sindano herufi ya jina langu, ya kwetu Kerala, iliyojikunja kama sikio. Na tarehe. Fundi aliyenifundisha alisema usiponye kitu bila kukumbuka umekiponya lini."

Sajini Ayed alitumwa chumba cha vielelezo. Alirudi na taa mbili zilizopasuka, chembe za mchanga zikimwagika mezani. Wadha alizungusha kifuniko cha nyuma cha ile ya kwanza, akamulika kwa simu. Masikio madogo matatu, moja chini ya jingine, kila moja na tarehe yake: mwezi wa kwanza, wa nne, wa sita. Taa iliyotolewa cheti cha upya ilikuwa imekaushwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja.

"Hii inathibitisha kwamba umezishika," alisema. "Haithibitishi kwamba uliagizwa. Nawwaf atasema ulikuwa unafanya biashara yako mwenyewe."

"Atasema hivyo," Varkey alikubali. "Ndiyo maana sijatia sahihi. Nikitia, hata wewe utaacha kuniuliza."

*

Ndani ya jalada kulikuwa na orodha ya wateja waliolalamikia taa. Jina lililojirudia zaidi lilikuwa la Lulwa, mwalimu mstaafu wa kemia, mkazi wa Kaifan. Mara nne tangu mwaka uanze.

Wadha alimkuta kwenye kivuli cha maegesho ya nyumba yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mbele yake gari kubwa la rangi ya lulu ambalo taa yake ya kulia ilikuwa imejaa matone kwa ndani kama gilasi ya maji baridi. Kwenye meza ndogo palikuwa na bakuli la dengu za kuchemsha, birika la chai, na daftari la shule.

"Kaa, mwanangu," alisema kabla ya kusalimiwa. "Wewe ni polisi. Umeegesha sawasawa, ndugu wanaokuja kunitembelea wanaegesha juu ya maua. Kula dengu. Nasikia wamemkamata fundi Mhindi wa wakala. Umekuja kuniambia ameniibia taa?"

"Nimekuja kukuuliza, mwalimu, kama unaamini hivyo."

"Siamini chochote ambacho sijakipima." Alifungua daftari. "Mara ya kwanza waliniambia ni kawaida, eti magari ya kifahari yanatoka jasho. Nikamwambia meneja, mimi pia natoka jasho, lakini likikauka haliniachii chokaa usoni. Njoo."

Aliinuka, akainama mbele ya taa bila kujali magoti yake. Wadha akainama naye. Ndani ya kioo, chini ya matone, palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, uliopinda.

"Unaona? Hiyo ni chokaa. Maji yaliingia, yakakaa, yakakauka, yakaacha mstari. Juu yake kuna mstari wa pili. Taa hii nimefungiwa siku kumi na mbili zilizopita, nikaambiwa imetoka kwenye boksi. Mistari miwili ya chokaa haipatikani kwa siku kumi na mbili hata ukiosha gari kwa maji ya bahari. Wasichana wangu wa kidato cha pili wangeligundua hilo kabla ya mapumziko."

"Uliwaambia wakala?"

"Nilimwambia Nawwaf. Akaniita mama, akanipa kofia yenye nembo na kahawa. Nikamwambia mimi si mama yake, na kahawa yake imeungua."

"Una miadi nao tena?"

"Leo saa nane. Ya nne. Wanasema mzigo mpya umefika, safari hii nitafurahi." Alimtazama Wadha kuanzia viatu hadi mtandio. "Anakujua?"

"Hajaniona. Malalamiko yao yalipokewa na mwenzangu."

"Basi wewe ni binti wa dada yangu. Usizungumze sana, katika ukoo wetu mimi ndiye nazungumza."

Kabla ya kuondoka Wadha alimpigia simu Sajini Ayed. Alimtaka aende Shuwaikh kwa gari la kiraia, akae mgahawa wa chai ulio mkabala na wakala, na asile sambusa zaidi ya mbili.

*

Ukumbi wa Rukn al-Barq ulikuwa baridi kiasi cha kuumiza meno. Bwana Nawwaf aliwapokea yeye mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi hadi inakata, tabasamu lake limezoea kazi.

"Mwalimu Lulwa. Umetutajirisha kwa subira yako."

"Sijaja na subira leo, nimeiacha nyumbani ikipumzika. Huyu ni binti wa dada yangu. Taa iko wapi?"

"Inakuja. Kwanza niruhusu nikuombe radhi kwa niaba ya wakala." Aliteremsha sauti. "Tatizo lako lilikuwa na mzizi. Tulikuwa na nyoka ndani ya nyumba. Fundi mmoja alikuwa anatubadilishia taa. Yuko polisi tangu Alhamisi."

"Mmoja tu?" Lulwa aliuliza.

"Mmoja tu. Na siku ileile nilibadilisha kitasa cha stoo." Alipiga kiuno chake mara mbili, kitu kililia chini ya nguo. "Ufunguo mmoja, ninao mimi. Hakuna mkono mwingine unaoingia. Nakuhakikishia kwa heshima yangu."

"Hata wenye kampuni hawana?" Wadha aliuliza, kama mtu anayetafuta mazungumzo.

"Hata wao, dada. Ufunguo ukiwa na watu wawili si ufunguo tena."

Kibarua wa stoo aliingia akisukuma kigari chenye boksi jeupe. Utepe wake ulikuwa haujaguswa. Ubavuni palikuwa na karatasi ya forodha ya bandari, muhuri wa bluu, tarehe ya Jumapili iliyopita.

"Soma mwenyewe," Nawwaf alisema kwa fahari. "Jumapili ilikuwa bandarini. Jumatatu nimeipokea na kuifungia ndani kwa mkono wangu. Huyu ni mtoto mchanga, mwalimu."

"Lifungue."

"Tutalifungua karakana. Baada ya saa moja gari lako—"

"Lifungue hapa."

Tabasamu la Nawwaf lilibaki mahali pake, macho yakaondoka. "Haturuhusu vifaa vifunguliwe ukumbini. Kuna utaratibu wa kiwanda. Vumbi."

Lulwa alipitisha kidole juu ya meza ya kioo, akamwonyesha kidole. "Safi kuliko hospitali. Nimefundisha miaka thelathini, mwanangu, na mwanafunzi aliyetaka kunionyesha jaribio nyuma ya mlango nilijua ameshavunja chupa. Mara tatu nimewapa gari likiwa na taa moja mbovu, mmenirudishia likiwa na taa nyingine mbovu. Leo siinuki kwenye kiti hiki. Kama mnafunga saa mbili, mzime taa na kunifunika shuka."

Wateja wawili waliokuwa kwenye makochi waligeuka. Mmoja wao alisogea karibu, akasema taa yake ya kushoto nayo ina hadithi.

"Mama, tafadhali," Nawwaf alisema.

"Nimekwisha kukwambia kuhusu hilo neno."

Wadha aliweka kitambulisho chake juu ya boksi, uso juu.

"Bwana Nawwaf, mimi ndiye ninayeshughulikia malalamiko yenu ya wizi. Fungua boksi mbele ya wateja hawa, au nitalifungua mimi kwa kisu cha kukatia keki kilichopo pale kwenye meza yenu ya kahawa."

Nawwaf alikisoma kitambulisho muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwamo. Kisha akamwashiria kibarua. Utepe ulikatwa. Taa ilitoka, imevikwa mfuko, inang'aa kama jicho la ng'ombe. Hata Wadha angeapa ni mpya. Aliigeuza, akazungusha kifuniko cha nyuma robo duara, kikatoka. Aliwasha mwanga wa simu.

Masikio mawili. Tarehe tatu ya mwezi wa tatu. Tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita.

Alimpa Lulwa atazame. Lulwa alivaa miwani, akatazama, akampa yule mteja wa taa ya kushoto.

"Twende hatua kwa hatua," Wadha alisema. "Alama hizi ni za Varkey. Amenionyesha nyingine kama hizi asubuhi. Ina maana taa hii alishaishika mwezi wa tatu na wa sita."

"Si nilikwambia?" Nawwaf alidaka haraka. "Ni yeye. Alikuwa anaziingiza kwenye maboksi yetu. Umepata ushahidi wako, afande, hongera."

"Boksi limefika bandarini lini?"

Nawwaf aliutupia jicho muhuri wa bluu.

"Umetusomea sasa hivi. Jumapili. Varkey yuko mahabusu tangu lini?"

Nawwaf alishika kiuno chake, pale penye ufunguo.

"Alhamisi iliyotangulia. Siku tatu kabla boksi hili halijagusa ardhi ya Kuwait. Mtu aliyefungiwa ndani ya kituo changu hawezi kuingiza taa kwenye boksi ambalo bado liko melini. Kwa hiyo aliyetoa taa mpya humu na kuweka hii kongwe alifanya hivyo kati ya Jumatatu na leo, ndani ya stoo. Na stoo ina ufunguo mmoja." Alinyoosha kiganja. "Naomba."

"Huenda ilitoka hivyo kiwandani."

"Yaani kiwanda cha ng'ambo kina fundi wa Kerala anayeandika jina lake kwenye taa mpya, kwa tarehe za gereji ya Shuwaikh?"

Mmoja wa wateja alicheka puani. Nawwaf alimsogelea Wadha, sauti ikashuka hadi kuwa pumzi.

"Dada, unajua wakala huu ni wa nani?"

"Bado. Leo ni siku nzuri ya kuniambia. Naandika kwa mkono, kwa hiyo usikimbize jina."

"Kuna watu wakipiga simu, watu kama wewe huhamishiwa kuhesabu magari mpakani."

"Nilishafanya kazi mpakani miaka miwili. Chai yao ni nzuri. Ufunguo."

Sajini Ayed alikuwa ameshaingia, makombo ya sambusa kwenye masharubu. Nawwaf alimtazama, akawatazama wateja, ambao sasa walikuwa watano na wawili wanapiga picha, akatoa ufunguo.

Stoo ilikuwa na maboksi mengine kumi na moja ya mzigo wa Jumapili. Walifungua yote. Nane yalikuwa na taa mpya kweli. Manne, kwa kuhesabu na lile la Lulwa, yalikuwa na masikio ya Varkey.

"Manne," Ayed alisema. "Kama zile za kwenye sinia."

"Ziandike, moja moja. Kila boksi na kila kifuniko kipigwe picha pamoja. Asiondoke mtu."

*

Simu ilimkuta bado yuko stoo, kapiga magoti kati ya maboksi. Ilikuwa Kanali Jarrah, mkuu wake wa kituo, mtu mwangalifu ambaye alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu.

"Wadha, nasikia umefunga stoo ya watu."

"Nimeifunga, afande. Ufunguo ninao mimi."

"Nilikuruhusu?"

"Sheria iliniruhusu. Ningekuomba, wangekuwa wamemaliza kubadilisha maboksi wakati unatafuta miwani."

Kanali alivuta pumzi. "Sikiliza. Wakili wao amenipigia. Wanaondoa malalamiko. Huyo Mhindi hana kesi tena, anatoka leo. Wanamlipia tiketi, anapanda ndege jioni anakwenda kwa wanawe. Mwalimu wako anapewa gari jipya kabisa. Kila mtu ameridhika."

"Na Fuhaid wa Wafra?"

"Hilo ni jalada lingine."

"Ni jalada hilihili, afande. Taa zilizomuua mkewe ziko kwenye meza yangu. Mtu pekee anayeweza kumwambia hakimu zilikuwa kongwe ndiye huyo wanayemkatia tiketi. Ndiyo maana wanamkatia."

"Unanielewa ninachokwambia?"

"Nakuelewa sana. Na wewe utanielewa: tangu saa tisa na dakika kumi, nimemwandikisha Varkey kwa simu kuwa shahidi. Hakuna atakayemsafirisha shahidi wangu bila ridhaa yake. Ukitaka kulichukua jalada, lichukue, ila nipe amri kwa maandishi na uweke sahihi yako chini."

Kanali alifungua droo, akaifunga. Kelele za kiyoyozi chake zilisikika upande wa pili.

"Kama ni kwa ridhaa yake," alisema mwishowe, "basi muulize. Lakini muulize kwa haki, usimsukume. Akitaka kwenda nyumbani, aende. Mtu ameshalala siku sita kwenye sakafu."

"Hiyo ni haki, afande."

*

Aliuliza kwa haki. Alimketisha Varkey si kwenye meza ya chuma, bali ofisini kwake, akampa chai ya maziwa na mkate wa moto wa tanuri, akamweleza yote mawili bila kuyapamba.

"Uko huru. Malalamiko yameondolewa. Tiketi yako imekatwa, ndege ni saa moja na nusu jioni. Ukitaka kwenda, Sajini atakupeleka Jleeb ufungashe, kisha uwanja wa ndege, na hakuna atakayekulaumu. Ukibaki, utabaki bila kazi. Wakala hawatakurudisha, na sina ahadi ya kukupa. Wakili wao atakuuliza mbele ya hakimu kwa nini ulizikausha taa hizo miezi yote hiyo kabla hujakataa. Litakuwa swali la kweli, na utalijibu mbele ya Fuhaid akiwa kwenye magongo."

Varkey alikula mkate wote kwanza. Alikunja karatasi iliyofungiwa mkate, mara nne, akaiweka kando.

"Kesi yake ni lini?"

"Wiki ya tatu ya Oktoba."

"Naweza kupiga simu nyumbani?"

Wadha alimsogezea simu ya mezani. Varkey alibonyeza namba ndefu bila kuitazama. Mwanamke alipokea kabla ya mlio wa pili. Alizungumza lugha ya kwao, chini chini, kichwa kimeinama. Mara mbili Wadha alisikia neno Wafra. Kisha Varkey akanyamaza na upande wa pili ukazungumza, dakika nzima, mbili, sauti haipandi wala haishuki. Varkey alijaribu kuingiza neno, akashindwa. Alijaribu tena, akaacha. Mwishoni alisema kitu kifupi, akaweka simu, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mke wangu ni muuguzi," alisema. "Huwa hapigi kelele."

"Amesemaje?"

"Nimemwambia kuna tiketi. Ameniuliza yule mama aliyekufa aliitwa nani. Nikasema sijui. Akaniuliza, taa zake zimekaa chini ya kitanda chako miezi miwili, na jina lake hulijui?" Alitazama mikono yake. "Kisha akasema nikipanda ndege kabla sijasimama mbele ya hakimu, mlango wa mbele wa nyumba yetu hautafunguliwa. Nizunguke nyuma, kwa kuku."

Sajini Ayed, pale mlangoni, safari hii hakuuma mdomo.

"Yule mama aliitwa Hissa," Wadha alisema. "Hissa binti Mutlaq. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja."

Varkey alilitamka jina hilo mara mbili, polepole, mpaka likamkaa mdomoni. Kisha akavuta kiti karibu na meza.

"Haya, mama," alisema. "Chukua karatasi mpya. Ile taa ya Wafra yenye alama ya mwezi wa kwanza, bado sijakwambia aliyeileta gereji mara ya kwanza ni nani."

Wadha alifungua kalamu.